Kuweka injini ya 5K kwenye Corolla KE70 kwa bajeti ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye Toyota Corolla KE70, ile yenye umbo la boksi iliyoanza kutoka mwaka 1979, ambao injini yao ya 3K au 4K imechoka au haiwatoshi tena. Mengi yanawahusu pia wenye KE20 na KE30. Tunazungumzia gari la kuendesha kila siku, siyo la mashindano, na fedha za mtu anayejenga gari kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi.

Nikitaka nguvu zaidi, niweke injini gani?

Weka 5K. Ni ya ukoo uleule wa K, kwa hiyo giaboksi ya Corolla inafunga moja kwa moja nyuma yake, na vifaa vingi vya 4K vinahamia bila kuchomelea chochote. Tazama vipimo:

3K: kipenyo cha silinda 75 mm, mwendo wa pistoni 66 mm, jumla 1,166 cc.
4K: 75 mm kwa 73 mm, 1,290 cc.
5K: 80.5 mm kwa 73 mm, 1,486 cc.
7K: 80.5 mm kwa 87.5 mm, 1,781 cc.

5K na 4K zina mwendo mmoja wa pistoni. Kilichoongezeka ni upana wa silinda tu, na ndiyo maana kwa nje zinafanana hivyo. Kitu kingine kinachoipa 5K alama kwetu ni upatikanaji. Ilifungwa kwenye vibasi na vipikapu vya LiteAce na TownAce, magari yaliyoingia kwa wingi Afrika Mashariki, kwa hiyo injini na spea zake bado zinazunguka mitaani.

Gari litabadilika kiasi gani, kusema kweli?

Kutoka 4K unapata ujazo zaidi kwa takriban 15%. Kutoka 3K ni kama 27%. Utalihisi hilo kwenye mlima, ukiwa na abiria wanne, na unapolipita lori ukiwa gia ya tatu. Usitegemee gari la mbio. Ila KE70 ni gari jepesi, na nguvu ya chini inayokuja mapema ndiyo inayolifaa kuliko kasi ya juu.

Kwa nini nisiende moja kwa moja kwenye 7K?

Inawezekana, na ikikamilika huvuta vizuri sana kwa sababu ya mwendo wake mrefu wa pistoni. Lakini bloki ya 7K ni ndefu kwenda juu kuliko ya 5K. Kabureta na chujio la hewa vinasogea karibu na boneti, bomba la eksozi linabadilisha pembe, na pushrodi zake si zile za 4K. Nyingi zinazopatikana ni 7K-E, yaani za mfumo wa sindano za mafuta. Ukitaka kuibakiza hivyo, unahitaji waya zake zote, kompyuta yake, na pampu ya umeme yenye presha ya karibu bar 2.5 hadi 3, wakati kabureta linahitaji robo bar tu. Ukitaka kuigeuza iwe ya kabureta, angalia kwanza kama tundu la pampu ya mafuta ya kimekanika kwenye bloki liko wazi na kama kamshafti ina kidole cha kuisukuma. Kama havipo, utafunga pampu ya umeme ya presha ndogo.

Kwa fedha kidogo na fundi mmoja, 5K inatosha. 7K ifikirie pale unapoipata ikiwa kamili, na giaboksi na difu lako unajua vitahimili.

Na 4A-GE? Wengine wanasema ndiyo injini yenyewe.

Ni injini nzuri, hatubishani. Hata bodi inaikubali, maana ndugu wa KE70 walitoka kiwandani na injini za ukoo wa A na wa T: AE71 ilikuwa na 4A, TE71 ilikuwa na 2T. Tatizo liko kwenye vitu vya pembeni. 4A nyingi zinazouzwa kwetu zimetoka kwenye Corolla zinazovuta kwa magurudumu ya mbele. Sampu yake (bakuli la oili la chini) haifai, maunti (vishikizo vya injini) hazifai, na nyuma ya hedi kuna tundu la maji na distributa vinavyogonga ukuta wa kabini. Halafu unahitaji giaboksi ya T50 yenye kengele (kava la mbele linaloungana na injini) ya A, kitu ambacho huku ni adimu na wauzaji wanakijua thamani yake. Injini yenyewe inaweza kuwa rahisi kuliko vifaa vya kuifunga. Wengi walioanzia hapo wana magari yaliyokaa juu ya matofali mwaka wa pili sasa, na hilo linasikitisha kwa sababu bodi inazidi kuoza chini ya turubai.

1G ya silinda sita usiiwaze. Ni ndefu, ni nzito mbele, na difu la KE70 halikutengenezwa kwa ajili yake.

Injini nainunua wapi, na nikague nini kabla ya kulipa?

Dar es Salaam watu huanzia Gerezani na Ilala. Nairobi huanzia Kirinyaga Road. Zipo zilizotoka Japani moja kwa moja, zipo zilizopitia Dubai na Sharjah, na zipo zilizotolewa kwenye gari la hapahapa. Hizi za mwisho zisidharauliwe: ukiikuta ikiwa bado ndani ya gari lililogongwa nyuma, unaweza kuiwasha na kuisikiliza, jambo usiloweza kufanya kwa injini iliyolala sakafuni.

Anza na namba. Alama ya 5K inasomeka kwenye bloki, na namba ya injini huanza na herufi hizohizo. Kama sehemu ya namba imesagwa au imechongwa upya, ondoka. Hata kama injini ni nzima, hutaweza kuiingiza kwenye kadi ya gari.

Kisha fungua kifuniko cha oili na uingize kidole. Ute wa rangi ya maziwa una maana ya maji kuchanganyika na oili. Tope jeusi zito lina maana ya mtu aliyeongeza oili miaka yote bila kuimwaga. Tazama plagi za maji ubavuni mwa bloki, vile vikombe vya bati: vikiwa vimevimba au vinatoka kutu, injini hiyo iliendeshwa kwa maji ya bomba na njia zake za maji zimeliwa kwa ndani.

Zungusha kranki kwa mkono kwa spana. Izunguke mizunguko miwili kamili bila kukwama. Sasa tumia bisibisi kubwa kuisukuma kranki mbele na nyuma upande wa flaiwili. Mchezo mdogo sana ni wa kawaida, ukizidi 0.3 mm unausikia kwa sikio, mlio wa chuma kugonga chuma, na hapo kataa.

Kipimo cha kompresheni ndicho chenye kauli ya mwisho. Mwambie muuzaji aiunge stata na betri. Toa plagi zote nne, fungua koo la kabureta hadi mwisho, kisha piga stata hadi sindano ya geji iache kupanda. Ukiruhusu koo libaki limefungwa utapata namba ndogo ya uongo. Usihangaike sana na ukubwa wa namba kwa sababu injini ni baridi, angalia tofauti. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya kilo 1 kwa sentimita ya mraba, yaani kama psi 14, weka kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye ile iliyo chini na upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, valvu haikai vizuri au gasketi ya hedi imeungua kati ya silinda mbili. La valvu linatibika kwa fedha ndogo. La ringi, kwenye injini ambayo bado hujalipia, ni sababu ya kuangalia nyingine.

Nikishainunua, vitu gani vya 4K nisivitupe?

Usitupe chochote hadi gari litakapotembea mwezi mzima. 5K ya LiteAce ilikaa chini ya viti, kwa hiyo vifaa vyake vya nje vina umbo la kibasi. Utahitaji kutoka kwenye 4K yako: sampu pamoja na bomba la kunyonyea oili (viende pamoja, kamwe usichanganye), breketi za maunti, pampu ya maji na feni yake, kava ya taiming pamoja na puli ya mbele ili alama za taiming zilingane, manifoldi ya kuingiza na ya kutoa, breketi ya alteneta, na sensa ya joto.

Hiyo ya mwisho watu huipuuza. Sensa ya kibasi inaweza kuingia kwenye tundu vizuri, lakini geji ya dashibodi ya Corolla imepimwa kwa sensa yake. Ukiibakiza ile ya kibasi, sindano inaweza kuonyesha katikati huku maji yanachemka.

Kuhusu sampu: baada ya kuifunga, pima umbali kati ya chujio la bomba la kunyonyea na sakafu ya sampu kwa kutumia donge la udongo wa kuchezea watoto. Bonyeza sampu mahali pake, itoe, pima unene wa udongo. Uwe kati ya mm 6 na 10. Likigusa chini, pampu itakosa oili. Likiwa juu sana, itanyonya hewa kwenye kona.

Naweza kutumia hedi ya 4K juu ya bloki ya 5K?

Inafunga, na wengi hufanya hivyo kupandisha kompresheni kwa sababu chumba chake cha kuunguzia ni kidogo. Lakini usifanye kwa kukisia. Pima.

Laza hedi juu chini ikiwa na valvu na plagi. Paka grisi kidogo kuzunguka chumba, funika kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo, kisha jaza mafuta ya taa kwa sindano ya hospitali ya ml 20 ukihesabu. Hiyo ndiyo cc ya hedi. Ongeza ujazo wa gasketi: yenye kipenyo cha 81 mm na unene wa 1.2 mm ikishabanwa ni kama cc 6.2. Ongeza bakuli la juu ya pistoni na nafasi ambayo pistoni inabakiza chini ya uso wa bloki, navyo ukivipima kwa njia hiyohiyo.

Silinda moja ya 5K ina cc 371.5. Jumla ya vile vipimo ikiwa 43, uwiano ni (371.5 + 43) ÷ 43, yaani 9.6. Jumla ikishuka hadi 38, uwiano unafika 10.8. Kwa gari la kabureta, joto letu na petroli ya vituo vyetu, ushauri wetu ni kuishia 9.5 au karibu yake. Zaidi ya hapo injini itaanza kugonga mlimani kama kokoto ndani ya kopo, na ukiendelea hivyo pistoni hupasuka kwenye mifereji ya ringi.

Jambo la pili: baadhi ya 5K zina tapeti za haidroliki, na 4K nyingi zina tapeti ngumu. Kamshafti, tapeti na pushrodi ni seti moja. Ukihamisha kimoja, hamisha vyote vitatu.

Mpangilio wa kazi ukoje?

Kabla hujatoa injini ya zamani, piga picha kila hosi na kila waya, na ufunge vipande vya plasta vyenye namba. Toa betri, mwaga maji na oili, vua boneti (chora alama za bawaba kwanza), toa rejeta. Fungua eksozi ikiwa ya moto kidogo, bolti zake hutoka kwa urahisi zaidi. Toa propela, uzibe mkia wa giaboksi kwa mfuko wa nailoni ili oili isimwagike, kisha toa injini na giaboksi kwa pamoja kwa chenibloki. Kuzitenganisha zikiwa ndani ya gari kunaokoa dakika chache na kunapinda shafti ya kuingiza ya giaboksi.

Injini mpya ikiwa bado chini, huo ndio wakati wa kubadilisha kila kitu cha bei ndogo ambacho baadaye kitadai injini itoke tena: sili ya nyuma ya kranki, sili ya mbele, plagi za maji, gasketi ya sampu, cheni ya taiming na kikazio chake, beringi ndogo katikati ya mkia wa kranki, beringi ya klachi. Jumla yake haifiki hata gharama ya kumlipa fundi kutoa injini mara ya pili.

Bolti za hedi zikaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia), kwa awamu tatu, ukianzia katikati kwenda nje. Kama fundi wako hana spana ya toki, azime au ukodishe. Hedi iliyokazwa kwa hisia za mkono ndiyo inayounguza gasketi baada ya miezi mitatu, na lawama zinaenda kwa muuzaji wa gasketi.

Nimefunga distributa lakini haikai chini, imebaki juu kama sentimita moja. Niikaze tu?

Usiikaze! Hapa ndipo injini nyingi za K hufa siku ya kwanza.

Kwenye injini hizi distributa ndiyo inayozungusha pampu ya oili. Ukichungulia kwenye tundu lake utaona, chini kabisa, kichwa cha mhimili wa pampu chenye mfereji mmoja. Ncha ya distributa ina ulimi unaoingia kwenye mfereji huo. Meno ya distributa yakishika kamshafti, distributa hujizungusha kidogo inaposhuka. Kwa hiyo ulimi na mfereji vikikosana, inagota juu. Mtu akiivuta chini kwa bolti, ulimi unavunjika au mhimili unapinda, na pampu haizunguki. Taa ya oili inabaki inawaka, fundi anasema "ni swichi hiyo", na dakika tano baadaye beringi zimeshaungua.

Fanya hivi. Toa distributa. Ingiza bisibisi ndefu na uzungushe mfereji wa pampu kidogo, halafu jaribu tena. Rudia hadi ikae chini yenyewe, bila nguvu, na rota iangalie silinda namba moja wakati pistoni yake iko juu kwenye kompresheni. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2.

Kabla ya kuifunga kwa mara ya mwisho, tumia njia hiyohiyo kujaza oili. Weka ncha ndefu ya bisibisi kwenye drili, zungusha pampu upande uleule ambao rota huzungukia, na usimame pale utakapoona oili inachuruzika kwenye roka za juu. Injini ikija kuwashwa, beringi zake hazitazunguka kavu hata sekunde moja.

Kabureta la 4K linatosha?

Gari litawaka na kutembea. Juu, ukikanyaga hadi mwisho, litakuwa na njaa ya petroli, na injini yenye njaa huchemka na kuunguza valvu. Njia ya bei nafuu ni kutumia manifoldi ya 4K na kabureta lake, kisha kupandisha jeti kuu ngazi moja moja kwa kufuata namba zilizochongwa juu yake. Kila ukibadilisha, panda mlima ukiwa umekanyaga hadi mwisho, zima injini ukiwa bado unavuta, simama pembeni pasipo hatari, na utoe plagi. Rangi ya kahawia ni sawa. Nyeupe, ongeza jeti. Nyeusi yenye masizi, punguza.

Kabureta la Weber 32/36 nalo linafaa ujazo huu, ukipata lenye sahani yake ya kuungia. Kopi zake ni nyingi sokoni. Ukinunua kopi, lifungue na ulisafishe kabla ya kulifunga, kwani vumbi la chuma la kiwandani huziba jeti ndogo za sailensa (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta).

Linganisha pia matundu ya manifoldi na ya hedi. Paka gasketi wino, ibandike kila upande, uone kama kuna ukuta unaozuia njia. Sagia pale tu palipozidi. Kupanua ovyo hakuongezi kitu.

Eksozi ya kipenyo cha inchi 1¾ inatosha. Kubwa zaidi ya hapo utapata kelele tu.

Klachi na giaboksi vipi?

K40 ya gia nne na K50 ya gia tano zote zinafunga. Kanuni ni hii: presha pleti lazima ilingane na flaiwili, klachi pleti ilingane na meno ya shafti ya giaboksi, na stata ilingane na meno ya flaiwili. Hesabu matundu ya bolti za flaiwili kwenye kranki zote mbili kabla ya kuamua utumie ipi. Flaiwili isagwe uso hata kama inaonekana nzuri. Ikiwa na madoa ya bluu, klachi itatetemeka unapoondoka.

Kama una K40, badiliko la pili lenye thamani baada ya injini ni K50. Chukua mfano wa tairi za 155/80R13, ambazo zikizunguka mara moja hutembea kama mita 1.82, na difu la 3.909. Kwa kilomita 100 kwa saa, gia ya nne inazungusha injini kama mara 3,600 kwa dakika. Gia ya tano ya K50 inaishusha hadi kama 3,100. Safari ya Dodoma au ya Mombasa inakuwa nyingine kabisa, kwa masikio na kwa tanki.

Hujui difu lako ni la uwiano gani? Inua gurudumu moja la nyuma, lile lingine libaki chini na lizuiwe kwa mawe mbele na nyuma. Weka gia huru, achia handbreki. Chora alama ya chaki kwenye propela. Zungusha gurudumu lililo juu mizunguko miwili kamili na uhesabu mizunguko ya propela. Karibu nne kasoro moja ya kumi ni 3.9, ikizidi nne kidogo ni 4.1.

Difu lenyewe litaihimili 5K ukiliendesha kistaarabu. Kinacholivunja ni kuachia klachi ghafla ukiwa umekanyaga mafuta.

Gari linachemka tangu nibadilishe. Fundi ametoa thermostati, bado linachemka.

Irudishe thermostati. Tabia hii ya kuitoa imeharibu injini nyingi kuliko kasoro za kiwandani. Bila thermostati, maji hupita kwenye rejeta kwa mtindo ambao injini haikupangiwa: asubuhi na barabarani injini inakaa baridi mno, kabureta linakula petroli, oili inakusanya unyevu, silinda zinaliwa. Na kama tatizo halisi ni rejeta iliyoziba, kutoa thermostati hakuizibui. Funga ya nyuzi 82, ukiwa umeijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto.

Kisha tafuta sababu kwa mpangilio huu. Rejeta: injini ikiwa ya moto, pitisha mkono karibu na uso wake, sehemu zenye ubaridi zimeziba. Rejeta ya 4K yenye safu mbili iliyochoka haiwezi kazi ya 5K, peleka ikawekewe kiini cha safu tatu. Kifuniko cha rejeta: springi yake ikilegea, maji yanachemka mapema. Feni: lazima iwe ndani ya kava lake la plastiki, bila hilo inavuta hewa ya pembeni tu. Taiming ya moto: ikichelewa, joto lote linaenda kwenye hedi na eksozi. Hewa iliyonaswa: inua pua ya gari kwa jeki, fungua hita, jaza taratibu huku injini ikiwaka.

Ukiona mapovu yasiyoisha kwenye rejeta tangu injini ikiwa baridi, hiyo ni gasketi ya hedi. Rejeta usiilaumu.

Tumia kulanti, siyo maji matupu. Hedi ni ya alumini na bloki ni ya chuma. Maji matupu kati ya metali hizo mbili yanakula ile laini.

Breki za kawaida zitatosha?

Zikiwa nzima, ndiyo, kwa 5K. Neno zito hapo ni "zikiwa nzima". Kabla injini mpya haijapelekwa barabarani, badilisha hosi za mpira zote, brekipedi za mbele, brekishuu, na fluidi yote hadi itoke safi kwenye kila gurudumu. Diski zilizokonda zisichongwe tena, zitupwe. Kwa 7K au zaidi, tafuta mguu wa mbele wa ndugu zake wenye diski nene za matundu ya hewa. Mtu anayetuambia breki atafanya "awamu ijayo" tunamwomba ageuze mpangilio: breki kwanza, injini awamu ijayo.

Namna gani nigawe fedha?

Chukua bajeti yote uliyonayo. Theluthi moja iwe bei ya injini, theluthi moja sili, gasketi, klachi na kazi za mashine, na theluthi ya mwisho rejeta, breki, hosi na dharura. Kama bei ya injini inakula nusu, bajeti imeshavunjika kabla hujaanza. Usiuze 4K yako mapema. Ukiiuza kamili baadaye, inarudisha sehemu ya fedha.

Siku ya kwanza ya kuwasha nifanye nini?

Oili ya kawaida ya 20W-50, lita 3.5 pamoja na chujio jipya. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini. Kama kamshafti na tapeti ni mpya, ishikilie kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, usiiache sailensa. Ikipoa, kagua uvujaji. Ikipata moto tena, rekebisha tapeti kama ni ngumu: 0.20 mm za kuingiza, 0.30 mm za kutoa, injini ikiwa ya moto. Mwaga oili baada ya kilomita 500. Hadi kilomita 1,000 usiivute kwa nguvu na usiende kwa kasi moja kwa muda mrefu.

Inatetemeka ikiwa sailensa, lakini barabarani iko sawa.

Maunti. Breketi ni za 4K lakini mpira ni wa miaka thelathini. Weka mpya, na uzikaze injini ikiwa imeshakaa uzito wake wote chini.

Nyaraka je?

Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo mabadiliko lazima yaandikishwe: TRA kwa Tanzania, NTSA kwa Kenya, ambako gari hukaguliwa kwanza. Dai risiti ya muuzaji yenye namba ya injini, na kama imeagizwa, nakala ya hati za forodha. Piga picha namba hiyo kabla injini haijaingia kwenye gari, maana ikishafungwa, manifoldi na mabomba vinaweza kuificha. Wajulishe pia watu wa bima kwa maandishi. Gari likipata ajali likiwa na namba isiyo kwenye rekodi, wana sababu ya kukataa kulipa.